Yaache

Tamthilia yenyewe ilikatwa msimu wa pili,
Aatos fundi mashua ameshika mpini wa lango la mfereji,
ameuliza,
na Hilja mtunza lango hajajibu.
Kituo kikaweka mashindano ya upishi.
Sisi mashabiki tukabaki na swali mkononi
kama kikombe kilichovunjika sikio.

Vieno hufua mashuka ya hospitali hapa Oulu.
Mapumziko yake dakika kumi na mbili.
Simu yake ina ufa.
Humo anaandika.
Maneno mia.
Si tisini na tisa.
Likizidi moja analichambua,
jiwe kwenye mchele.

Kwake Hilja hajibu.
Anavua glavu moja.
Ya pili anaiacha.
Basi.

Nami nakesha hadi saa tisa
nikiiwaza ile ya pili.

Ilmo analinda ghala la karatasi lisiloibiwa, saa nne usiku hadi mapambazuko, na kwa hiyo kwake Hilja hawezi kujibu kabla hajachemsha kahawa, na kahawa sharti itoke kwenye birika la marehemu mumewe, na marehemu sharti awe na kaka, na kaka awe na deni,
deni linalolipwa sura ya thelathini na nane, wakati msomaji amekwisha kulisahau jina la benki.
Kwake theluji haianguki tu; inahamia, inafungua mizigo, inauliza majirani.
Sura sitini na moja, miaka saba.
Nilianza kuisoma nikiwa na mume. Sura ya arobaini niliisoma peke yangu, na Ilmo, asiyejua lolote, alikuwa amemfanya Hilja aandae sahani mbili, kisha airudishe moja kabatini, taratibu, kwa ukurasa mzima.
Maneno mia yasingenipa ukurasa ule.
Niliuhitaji wote.

Mimi ndiye msomaji wao wa kwanza. Natoa makosa, nakula mikate yao ya iliki.
Jikoni kwangu, mwezi wa kumi na moja, wakawekeana dau: wabadilishane.

Neno la mia lilimkuta Aatos wa Ilmo mlangoni,
buti moja mguuni,
ndiyo kwanza anaanza kueleza upepo.

Vieno naye akaleta kurasa thelathini.
Kila aya ilifunga mlango.
Kufika ukurasa wa nne nilikuwa nimechoka kufungua.

Tulicheka hadi Ilmo akamwaga maziwa.
"Hujui kupoteza muda," akamwambia.
"Sina wa kupoteza," Vieno akajibu,
na hilo nalo lilikuwa fupi.

Februari mama yake Ilmo akalazwa,
ghorofa ya sita, juu kabisa ya mashine za Vieno.
Ghala likapewa mlinzi mwingine.
Ilmo akawa mtu wa benchi la korido,
anaandika kati ya wito mmoja wa muuguzi na mwingine.

Sura ya sitini na mbili ilinifikia alfajiri.
Nikaitafuta kahawa. Hakuna.
Kaka wa marehemu, hakuna.
Hilja yuko kwenye benchi.
Benchi halina rangi.
Aatos anakuja, haulizi tena,
anakaa pale ambapo angeweza kuguswa.

Nikahesabu, kwa mazoea.
Mia na tatu.

Nikampelekea Vieno: punguza matatu tu,
itakuwa kamili, itakuwa yako na yake.
Aliisoma chini kule,
kati ya mashuka yaliyoshuka kutoka ghorofa zote,
yasiyosema nani aliyalalia.

Dakika kumi na mbili zikapita.
Ya kumi na tatu.
Sijawahi kumwona akichelewa kurudi kazini.

Kisha simu yangu ikatikisika mezani:

Yaache.
Anapumua hapo.